Kila wiki mafuta mapya, na ngozi bado inawaka

Jambo Yaya,

Niko mwalimu wa darasa la tatu hapa Lubumbashi, naishi Katuba, na niko na miaka 28. Ekzema ninayo tangu utoto: kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, na siku mbaya hata kwenye kope. Mama ananiambia nilipokuwa mchanga nilijikuna usiku kucha mpaka shuka likapata madoa ya damu. Mdogo wangu ana pumu. Nyumbani basi tulikuwa wawili, yeye anakohoa, mimi najikuna, na mama katikati hana usingizi.

Wakati wa mvua ninapata nafuu. Lakini Mei ikifika, vumbi jekundu likaanza kuruka, ngozi yangu inakuwa kama gome la mti. Sasa tuko Julai. Asubuhi baridi ni kali, ninachemsha maji kwenye mbabula na kuoga yakiwa ya moto kabisa. Wakati wa kuoga nasikia raha ajabu. Nikishavaa tu, mwili unaanza kuwaka. Darasani ninajikuna nikiwa nimegeukia ubao ili watoto wasione, lakini wanaona. Wiki iliyopita mzazi mmoja alikuja kuuliza kama ugonjwa wangu unaambukiza. Nilimjibu kwa adabu, kisha nikaenda chooni kulia.

Mwaka jana nilinunua kikopo cha mafuta sokoni. Mama muuzaji alikuwa anachota kwenye ndoo, alisema amechanganya mwenyewe. Baada ya siku nne ngozi ikawa laini kama ya mtoto, na nikang'aa kidogo. Nilifurahi sana, nikapaka miezi mitano, hata usoni. Kilipokwisha nilirudi kumtafuta, hayupo. Ndani ya wiki uso ulivimba, ukawa unachoma kama umepakwa pilipili. Siku hiyo niliapa: kemikali basi, kuanzia sasa asili tu.

Tangu hapo nimejaribu limau na asali, shubiri ya jirani, mawese, mafuta ya zeituni, bikaboneti na sabuni nyeusi. Hakuna kilichofika wiki mbili, maana kila mtu anayeniona ana dawa yake. Na sasa, Yaya, mahari yametolewa, harusi ni Septemba. Mama mkwe wangu mtarajiwa amenitengenezea kikopo: majani anayoyajua yeye, yamepondwa na mafuta ya karanga na chumvi. Nilipaka mara mbili, nikaona moto. Kila tukionana ananishika mkono, anautazama, anauliza, "Binti, umepaka?" Ninasema ndiyo. Ninaona aibu kudanganya, na ninaogopa kusema kweli.

Nataka utaratibu wa asili ninaoweza kuufuata kila siku bila kuchoka na bila kumaliza mshahara. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Katuba

*

Mdogo wangu Mwalimu,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikahesabu. Ukijumlisha kikopo cha sokoni na kile cha mama mkwe, ngozi yako imepokea vitu vinane katika muda wa mwaka mmoja hivi. Vinane! Hata mimi ambaye nimefanya uuguzi miaka mingi nisingeweza kukuambia kipi kilisaidia na kipi kilichoma, kwa sababu hukukipa hata kimoja nafasi ya kujulikana. Kabla hatujagusa habari ya asili na kemikali, tuseme hili kwanza: ngozi yako inapenda mazoea. Vitu viwili au vitatu, vilevile, asubuhi na jioni, hata siku ambayo haikuwashi. Hasa siku ambayo haikuwashi.

Mzazi yule kwanza. Ekzema haiambukizi, si kwa kushikana mikono, si kwa kiti, si kwa daftari. Jirani zetu wa Tanzania wanaiita pumu ya ngozi, na jina hilo linasema kweli kuliko letu la Kifaransa, kwa maana ndugu wa ekzema ni pumu na mafua ya mzio, na mara nyingi hukaa katika familia moja. Wewe na mdogo wako ni mfano wenyewe. Akirudi mzazi huyo, mwambie hivyo hivyo, ukimtazama usoni.

Sasa kuhusu ngozi yenyewe. Unaujua mtungi wa udongo ambao haukuchomwa vizuri? Unautia maji jioni, asubuhi umetoa jasho nje na maji yamepungua ndani. Ngozi ya mwenye ekzema iko hivyo. Kwa baadhi ya watu ni urithi kabisa: wanazaliwa na upungufu wa protini iitwayo filagrini, ambayo kazi yake mojawapo ni kushikamanisha tabaka la juu la ngozi. Maji yanatoka, na kwa matundu yaleyale sabuni, vumbi na manukato vinaingia. Mwili unakasirika, unawasha, unajikuna, unapanua matundu. Halafu utazame tunapoishi: Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na tangu Mei mpaka Septemba karibu hatuoni tone la mvua. Hewa ni kavu, usiku wa Juni na Julai ni baridi, vumbi liko kila mahali. Mtungi wako unavuja mwaka mzima, ila kiangazi kinaunyonya. Kwa hiyo hujalogwa, na damu yako si chafu.

Na maji yale ya moto, mdogo wangu, ndiyo adui wako wa kwanza, kabla ya vikopo vyote. Raha unayoisikia ni kujikuna kwa maji. Maji ya moto yanayeyusha mafuta machache ambayo ngozi imejitengenezea usiku kucha, ndiyo maana ukivaa nguo, moto unaanza. Chemsha maji, sawa, Julai sitakuambia uoge ya baridi, lakini yachanganye mpaka ukitia kiwiko usisikie moto wala baridi. Oga dakika tano, zisizidi kumi. Ndani ya nyumba funga mlango na dirisha ili usitetemeke, maana najua mtu akitetemeka anaongeza maji ya moto.

Neti ya kusugulia uiweke mbali. Najua tumelelewa hivyo, mtu asiyejisugua mpaka akalia haonekani kama ameoga. Kwa ngozi yako neti ni msasa. Tumia kiganja. Sabuni iende kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Mikono na mapaja yako hayajalima shamba, maji yanatosha. Na sabuni yenyewe iwe ya upole, isiyo na harufu. Hapa ndipo sabuni nyeusi inapoanguka, pamoja na sabuni ya kipande ya kufulia. Sabuni inayotokana na majivu au soda na mafuta, hata ikiwa imetengenezwa na bibi yako kwa mikono yake, ni kali kwa upande wa alkali: kipimo chake cha pH huwa 9 hadi 10, wakati ngozi inapenda uchachu kidogo, karibu 5. Bikaboneti ni hadithi ileile. Limau ni upande wa pili: uchachu wake ni mkali mno kwa ngozi iliyochanika, na ukitoka nayo juani inaweza kukuunguza na kukuachia madoa meusi yatakayokaa miezi.

Unasema unataka vya asili. Nakuelewa, ulichomwa. Lakini upupu nao ni wa asili, na hakuna kiwanda kilichoutengeneza. Ngozi haijui kitu kimetoka kwenye mti au kwenye mtambo, inajua kama kinaifunga au kinaichokonoa. Kwa hiyo nitakupa utaratibu ulio karibu na asili kadiri niwezavyo, ila kitu kimoja kitatoka kwenye kisima cha petroli, na utanisamehe.

Ukimaliza kuoga, jikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini cha pamba, usisugue. Ubaki na unyevu kidogo. Halafu, kabla dakika tatu hazijapita, paka mafuta. Dakika tatu si mchezo: maji yaliyo juu ya ngozi yakikauka yanaondoka na ya ndani. Kikopo kisikae chumbani kwenye meza ya kioo, kikae palepale penye ndoo, ili usitembee nyumba nzima ukitafuta mafuta huku maji yanakukimbia. Kwa mtu wa mazoea hili ndilo la maana kuliko aina ya mafuta. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole, vinginevyo vijidudu vya kwenye kucha utavihifadhi kikoponi. Paka kwa kushuka, kuelekea nywele za mwili zinakolala, bila kuzungusha, ili usizibe vishimo vya nywele ukapata vipele vingine.

Mafuta gani? Vaselini nyeupe, isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo, inatokana na mafuta ya petroli, ilisajiliwa Marekani mwaka 1872, na bado haijapata mpinzani rahisi katika kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi. Haina manukato, haina majani, haina siri, na watu wachache sana ndio hupata mzio nayo. Tena iko kila duka la mtaa. Angalia tu isiwe ile ya "mtoto" yenye harufu tamu. Watu wanafikiri kilichoandikwa mtoto ni cha upole, kumbe manukato ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha ekzema sana.

Kama moyo wako unakataa petroli kabisa, kuna njia ya mimea. Mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila kupikwa yana ushahidi mzuri: Ufilipino walichapisha mwaka 2008 jaribio la watu wazima wenye ekzema, nusu wakipaka mafuta ya nazi na nusu ya zeituni, na waliopaka nazi ndio waliopungukiwa zaidi na bakteria wanaopenda kukaa kwenye ngozi ya ekzema. Mafuta ya alizeti nayo ni mazuri. Siagi ya karite kutoka Afrika Magharibi inafaa ikiwa ni safi, haijatiwa manukato. Hapa kwetu ni ghali na mara nyingi imechanganywa, kwa hiyo mimi singehangaika nayo. Nazi au alizeti huteleza na kwisha haraka, basi asubuhi za Julai ongeza vaselini kidogo juu yake kwenye viwiko, magoti na shingo.

Zeituni uiache jikoni. Najua inaonekana takatifu, hata katika Biblia imo. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2013 kwamba matone machache mara mbili kwa siku, kwa wiki chache, yalidhoofisha ngozi ya watu wazima, hata ya wasio na ekzema, wakati alizeti haikufanya hivyo. Mawese yabaki kwenye sombe. Hayana madhara makubwa ninayoyajua, ila yatapaka rangi mashuka yako yote na hayatakusaidia kuliko vaselini. Shubiri ina utomvu wa manjano chini ya ganda ambao unawasha watu wengi. Asali inanata, ukijikuna unajichuna.

Kiasi. Hapa wagonjwa wangu wengi walikuwa wanajidanganya. Walikuwa wananiambia "napaka kila siku", nikiuliza kikopo kimekaa muda gani, wanasema tangu Pasaka. Mtu mzima ambaye mwili wake wote ni mkavu anahitaji gramu 250 kwa wiki, hata 500 akiwa na vipele kila mahali. Wewe una vipele sehemu chache, lakini kiangazi paka mwili mzima, kikopo cha gramu 250 kikumalizikie ndani ya wiki moja au mbili. Kikidumu miezi mitatu, unajipamba, hujitibu. Ndiyo maana ninasema vaselini: mshahara wa mwalimu unaiweza kwa wingi huo, karite haiwezi.

Mchana uwe na kikopo kidogo kwenye mkoba wa shule. Vumbi la chaki linanyonya mafuta ya mikono, kwa hiyo baada ya kila vipindi viwili ufute mikono kwa kitambaa chenye unyevu, upake. Mwasho ukikujia mbele ya ubao, bonyeza mahali hapo kwa kiganja, hesabu mpaka ishirini, au weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Kucha fupi kabisa. Jioni paka tena hata kama hukuoga, ukisafisha tu vumbi la barabarani kwa maji vuguvugu.

Nguo: pamba ndani, sweta la sufu nje, lisiguse shingo. Kitenge kipya kifue kwanza, kile kigumu cha dukani kina gundi na rangi. Suuza mara mbili, sabuni ya unga isibaki kwenye mishono. Na endelea kupiga pasi nguo zilizoanikwa nje, hasa mvua zikianza, kwa sababu ya nzi wale wanaotaga kwenye nguo. Sitaki uje kuniambia ekzema yako imetoa jipu lenye buu ndani.

Kuna kitu kinapita mpakani Kasumbalesa kwa wingi, utakiona kwenye maduka ya dawa: vikopo vyeupe vimeandikwa Aqueous Cream. Vingi vina kiungo cha kutoa povu kiitwacho sodium lauryl sulfate. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitahadharisha kwamba kinaweza kuchoma ngozi ya ekzema. Ukitaka kukitumia badala ya sabuni, unapaka, unasuuza mara moja, sawa. Kukiacha mwilini kutwa nzima, hapana.

Kitu kimoja cha asili nitakupa bila masharti, maana najua unakitafuta: oti, ile nafaka ya uji inayouzwa kwenye maduka makubwa kwa jina la avoine. Isage mpaka iwe unga laini sana, tia vijiko vichache katika soksi safi ya pamba, funga, kamulia kwenye ndoo ya maji vuguvugu mpaka yawe kama maziwa. Jimwagie mwisho wa kuoga siku ambazo mwasho ni mkali. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa iliikubali mwaka 2003 kama kilinzi cha ngozi. Ijaribu kwanza sehemu ndogo. Na tafadhali, unga wa bukari si oti.

Sasa kikopo cha sokoni. Hapa utanichukia kidogo. Mafuta yanayolainisha ngozi na kuing'arisha ndani ya siku nne, kisha yakiisha uso unawaka, karibu kila mara yana steroidi kali ndani, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, ya jamii ya klobetasoli au betametasoni, iliyochanganywa na vaselini kwenye ndoo bila kipimo. Wakati mwingine wanatia na haidrokwinoni ya kujichubua, na zipo sabuni na krimu za kung'arisha zenye zebaki, ambayo inaingia mwilini na kuharibu figo. Miezi mitano usoni ni mingi. Ngozi inakonda, mishipa inaonekana, chunusi zinatoka, na ukiacha ghafla inalipiza. Kuwaka kule hakukuwa ekzema yako peke yake. Ilikuwa pia ngozi ikiidai dawa uliyoizoesha. Usirudi kuitafuta, hata ukimwona yule mama. Kama kope na uso bado vinawaka, au ukiona mawingu machoni, nenda kwa daktari wa ngozi, umweleze miezi mitano hiyo bila kupunguza hata mmoja.

Lakini usitoke hapo ukaapa kwamba steroidi zote ni sumu. Ukiwa na mlipuko mkali, vaselini peke yake haitazima moto. Daktari anaweza kukuandikia krimu ya steroidi ya nguvu inayofaa, dhaifu kwa uso, ya kati kwa viwiko, mara moja kwa siku, kwa siku zinazohesabika, juu ya vipele tu. Kipimo chake ni rahisi: uzi wa krimu uliokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada mpaka kwenye mkunjo wake wa kwanza, karibu nusu gramu, unatosha sehemu yenye ukubwa wa viganja viwili pamoja na vidole vyake. Dawa hiyo ikizima moto, mafuta yako ya kila siku ndiyo yanayozuia usiwake tena.

Chakula nitakipita haraka. Hukuniandikia kwamba umeacha kitu, ila najua watakuja kukuambia uache mayai, uache samaki wa tomsoni, uache karanga. Kama kitu fulani ukikila unavimba midomo au unatoa mabaka saa ileile, hicho acha na umwambie daktari. Vinginevyo kula bukari yako na samaki.

Hakikisha pia ni ekzema kweli. Nyumba nzima ikijikuna usiku, na vipele viko katikati ya vidole na kiunoni, huo ni upele wa kuambukiza, dawa yake ni nyingine na mnatibiwa wote kwa pamoja. Mduara wenye ukingo ulioinuka na katikati safi ni fangasi, na steroidi inaulisha. Ukiona magamba ya manjano, usaha na homa, nenda hospitali. Malengelenge madogo yaliyojikusanya, yanauma kuliko kuwasha, na homa juu, nenda siku hiyohiyo: virusi vya malengelenge ya mdomo vikiingia kwenye ekzema ni hatari. Na tangu ugonjwa wa mpox ulipoenea nchini mwetu mpaka Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura Agosti 2024, uvimbe wenye usaha pamoja na homa na tezi si wa kutazamwa nyumbani.

Kuhusu muda. Mwasho unaweza kupungua ndani ya siku chache, ukavu utachukua wiki mbili mpaka nne. Katika muda huo usiongeze kitu, hata kikisifiwa kanisani. Ukitaka kujaribu kipya baadaye, kiwe kimoja, upake tone dogo ndani ya mkono, mara mbili kwa siku, kwa wiki nzima, kisha uamue. Mabaka meusi au meupe yatakayobaki si ugonjwa, ni kumbukumbu ya ngozi, na kwa sisi weusi yanakawia miezi. Hapo ndipo mabibi harusi wengi wanaponunua kitu cha kung'arisha. Wiki tatu kabla ya harusi ufunge mlango: hakuna krimu mpya, hakuna kusugua uso saluni. Vipodozi vya siku hiyo vijaribu mwezi mmoja kabla, na manukato nyunyiza kwenye nguo, si shingoni.

Amebaki mama mkwe. Mafuta ya karanga kwenye ngozi iliyochanika siyapendi hata kidogo: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2003 uliona watoto wenye vipele waliopakwa mafuta yenye karanga wakipata zaidi mzio wa karanga. Chumvi juu ya mchubuko, hiyo hata utafiti haihitaji. Usimwambie hivyo. Nenda kwake peke yako, jioni, wifi zako wakiwa hawapo, umpelekee sukari au kitenge kama unavyojua. Mwambie, "Mama, ile dawa niliipaka mara mbili, ngozi yangu ikaikataa, na nimeona haya kukuambia." Mwombe msamaha kwa zile ndiyo ulizosema. Kisha umpe kazi, kwa maana anachotaka ni kuwa na mkono katika kupona kwako: mwombe akusagie ile oti kwenye kinu chake, laini, laini kabisa, na akushonee vifuko viwili vya pamba vya kuikamulia. Akikushika mkono tena na kuuliza kama umepaka, utamjibu ndiyo, na itakuwa kweli.

Yaya wako